Kuchagua Baruti ya Kujazia Risasi za Kuwindia: Mwongozo Kamili

Mjomba wangu kule Sikonge alikuwa na gobore, na kwake baruti ilikuwa moja tu: nyeusi, inapimwa kwa kifuniko cha chupa, inamiminwa mdomoni mwa mtutu na kushindiliwa kwa mdeki. Hakuwa na cha kuchagua. Mimi leo naishi Boise, jimbo la Idaho, nawinda kulungu wa huku na elki, yule kulungu mkubwa wa Marekani, kila vuli, na kwenye duka ninalonunulia vifaa rafu ya baruti ina makopo ya majina zaidi ya arobaini. Jamaa wawili wa hapa mtaani, mmoja mtu wa Uvira, wameanza kujaza risasi zao wenyewe mwaka huu, na swali lao ni lile lile nililoanza nalo mimi: "Kaka, nzuri ni ipi?"

Swali hilo halina jibu mpaka uniambie ganda gani, kichwa cha uzito gani, unawinda wapi na katika joto gani. Nitapita hatua moja moja kama ninavyowapitisha wao mezani kwangu.

Kwanza tukubaliane majina, kwa sababu neno "risasi" kwetu linabeba mzigo mkubwa mno. Hapa nitasema ganda kwa kile kikopo cha shaba, fataki kwa kile kidude cha kitakoni kinachopigwa na pini, baruti kwa kilichomo ndani, na kichwa kwa kile kinachoruka. Risasi ni vyote vinne vikiwa pamoja. Baruti na vichwa hupimwa kwa greni. Greni ni uzito, wala si idadi ya chembe: greni 7,000 hufanya ratili moja, na greni moja ni kama miligramu 65. Rafiki yangu wa Uvira alianza kuhesabu chembe kwa kibano. Tulicheka, lakini kosa lenyewe si la ajabu.

Pili, sheria. Huku Marekani huna haja ya leseni ya serikali kuu kujaza risasi za matumizi yako mwenyewe. Ukianza kuziuza, hapo unahitaji leseni. Tanzania na Kenya kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, na Kenya uwindaji wenyewe umepigwa marufuku tangu 1977. Na usithubutu kuweka kopo la baruti kwenye begi la kwenda nyumbani, liwe la mkononi au la chini ya ndege. Haliruhusiwi popote kwenye ndege.

Hatua ya 1: Sahau baruti ya gobore

Baruti nyeusi ni shura, mkaa na kiberiti (salfa). Baruti ya raifeli za leo ni kitu kingine kabisa: msingi wake ni nitroselulosi, yaani pamba au mbao iliyopitishwa kwenye asidi. Mfaransa Paul Vieille ndiye aliyefanikiwa kuitengeneza kwa matumizi ya bunduki mwaka 1884, na miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likawa na bunduki ya Lebel inayopiga bila wingu la moshi. Alfred Nobel akafuata mwaka 1887 na aina iliyochanganywa na nitrogliserini.

Mpaka leo familia ni hizo mbili: yenye nitroselulosi peke yake, na yenye nitrogliserini ndani. Ya pili hubeba nguvu zaidi kwa uzito ule ule, lakini huwa na joto kali zaidi na kwa kawaida hula mtutu haraka.

Cha kukumbuka ni hiki: kipimo cha baruti nyeusi hakiingii kwenye baruti isiyo na moshi, hata kidogo. Gobore likijazwa baruti ya raifeli hupasuka mkononi mwa mwenyewe. Kama una ndugu kijijini anayeuliza kama unaweza kumpelekea "ile baruti ya Wazungu yenye nguvu", jibu ni hapana, na mweleze kwa nini.

Hatua ya 2: Elewa mwendo wa kuungua

Hapa ndipo penye kazi, na ukipaelewa, yanayobaki ni kufungua kitabu.

Makuti yakishika moto, dakika mbili tatu yamekwisha. Gogo la mwarobaini hulala likiwaka mpaka asubuhi. Vyote ni kuni. Baruti nazo ni hivyo: zote zinaungua, lakini mwendo unatofautiana, na watengenezaji hutumia ukubwa wa chembe, umbo lake, tundu la katikati na dawa inayopakwa juu kuzuia moto usikimbie. Unapovuta kifyatulio, baruti ya mwendo wa haraka hupandisha presha yote kichwa kikiwa hakijasogea zaidi ya upana wa kidole. Ya polepole hupandisha taratibu na kuendelea kusukuma kichwa kikiwa njiani.

Ndiyo maana baruti ya bastola, ambayo ni makuti matupu, ikiingia kwenye ganda la raifeli kwa kipimo cha raifeli, presha hupanda kabla kichwa hakijapata pa kwenda, na bunduki huvunjika.

Kuna majedwali yanayopanga baruti kutoka ya haraka hadi ya polepole. Kwa raifeli za kuwindia, mpangilio wa karibu ni huu, kwa majina na namba za kwenye makopo: za namba 4198 mwanzoni, kisha IMR 3031, za 4895, Varget na IMR 4064, halafu za 4350, za 4831, na huko mwisho H1000 na Retumbo. Jedwali hilo ni foleni tu. Linakuambia nani yuko mbele ya nani; halikuambii kapitwa kwa hatua ngapi. Hakuna hesabu yoyote ya kipimo inayotoka humo. Ukimwona mtu anasema "hizi mbili zimefuatana kwenye jedwali, tumia kipimo kile kile", mwondokee.

Hatua ya 3: Tazama ganda lako na tundu la mtutu

Chukua ganda la .308 Winchester, lililotoka mwaka 1952; namba hiyo ni upana wa kichwa kwa sehemu ya inchi. Ukikaza shingo yake ikabana kichwa chembamba cha .243, unapata risasi ya .243 Winchester. Ukiipanua, unapata .358 Winchester. Tumbo la ganda ni lile lile, baruti inayoingia ni karibu kiasi kile kile, ila mlango wa kutokea unatofautiana.

Sasa fikiria dumu la lita ishirini. Ukilimimina kupitia faneli pana, maji yanashuka. Ukilimimina kwa kasi ile ile kupitia mrija wa kalamu, yanafurika. Gesi ya baruti nayo ni hivyo. Mlango mwembamba unataka baruti ya polepole, kwa sababu gesi haina nafasi ya kutanuka haraka. Mlango mpana unataka baruti ya haraka kidogo, vinginevyo kichwa kinatoka kabla baruti haijaungua vizuri.

Kwa hiyo .358 hufurahia za 4895 na 3031. .308 yenyewe hukaa vizuri na Varget, IMR 4064 na 4895. .243 yenye kichwa cha greni 100 unaipeleka kwenye H4350 au H4831. Magnumu kama .300 Winchester, zenye tumbo kubwa na mlango wa wastani, huenda mbali zaidi: 4831, H1000 na wenzake. Na .45-70, ganda la zamani lenye mdomo wazi kama kikombe, inarudi mwanzo wa foleni kwenye 4198 na 3031.

Kuna imani moja nataka kuivunja hapa. Watu husema mtutu mfupi unahitaji baruti ya haraka. Kwa raifeli, sivyo. Baruti inayokupa kasi kubwa kwenye mtutu wa inchi 24 kwa kawaida ndiyo itakayokupa kasi kubwa kwenye mtutu wa inchi 20 pia. Utapoteza kasi kidogo, utaona mwali mkubwa zaidi mdomoni, na kelele utaisikia. Chagua kwa ganda, si kwa urefu wa mtutu.

Hatua ya 4: Uzito wa kichwa

Kichwa kizito hugoma kuondoka. Kinakaa kikizuia gesi, presha inapanda, kwa hiyo unahitaji baruti ya polepole zaidi. Kwa .30-06, vichwa vya greni 125 huendana na 4895 au 4064. Vya 150 na 165 viko kati ya 4064 na 4350. Vya 180 hadi 220 ni himaya ya 4350 na 4831.

Uzito peke yake hautoshi. Vichwa viwili vya greni 165, kimoja chenye madini ya risasi ndani na koti la shaba nje, kingine cha shaba tupu, si sawa. Cha shaba tupu ni kirefu zaidi, kinaingia ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti, na kinakwaruza mtutu kwa namna yake. Tafuta kipimo cha kichwa hicho hasa, au cha kampuni iliyokitengeneza.

Hatua ya 5: Anzia kitabuni ndipo uende dukani

Wengi huanza dukani. Wanaona kopo liko nusu bei, wananunua, ndipo wanarudi nyumbani kutafuta kama linafaa. Mimi nilifanya hivyo, na nina kopo moja hadi leo linalonikodolea macho.

Fungua kitabu cha vipimo cha mtengenezaji wa kichwa au wa baruti. Hornady, Nosler, Sierra, Speer na Lyman wanachapisha vitabu; Hodgdon, Alliant na Vihtavuori wameweka vipimo vyao wazi mtandaoni. Tafuta ganda lako, kisha kichwa chako, halafu soma orodha ya baruti. Andika zile zinazojitokeza kwenye vitabu viwili au vitatu tofauti. Hizo ndizo zako. Ukizipata nne au tano, una orodha ya kwenda nayo dukani, na hutayumbishwa na muuzaji.

Kwenye orodha hiyo angalia mambo mawili. Kwanza, kasi iliyo juu kwa presha ya kawaida. Chama cha watengenezaji wa Marekani, SAAMI, kimeweka mipaka: .30-06 ni paundi 60,000 kwa inchi ya mraba, .308 ni 62,000, .270 Winchester ni 65,000, na .45-70 ya zamani ni 28,000 tu. Ulaya wana chombo chao, CIP. Baruti inayokupa kasi ile ile kwa presha ndogo zaidi ni rafiki mwema. Pili, nafasi kati ya kipimo cha kuanzia na cha juu: ikiwa pana, una uwanja wa kujaribu.

Sasa mtego wa majina. Hapa nakuomba usome polepole.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua baruti ya jeshi iliyobaki na kuiuza kwa wawindaji. Mojawapo ilikuwa 4831, iliyotengenezwa kwa ajili ya mizinga ya milimita 20. Ilipendwa sana. Baadaye kampuni ya DuPont wakaleta 4831 yao chini ya jina la IMR. Namba ni ile ile, kopo linafanana, lakini IMR 4831 inaungua haraka kuliko H4831. Mtu akichukua kipimo cha juu cha H4831 na kukimimina IMR 4831, ameipita presha bila kujua. Vivyo hivyo H4350 si IMR 4350, na H4895 si IMR 4895. Siku hizi IMR na Hodgdon ziko chini ya nyumba moja, makopo yako rafu moja, na mtego umezidi kunoga.

Mimi nilikaribia kuingia. Ilikuwa usiku, nimechoka, makopo mawili mezani, moja nililokuwa nalitumia na jingine nililolileta kulinganisha. Nikajaza kipimio, ile mashine ndogo ya kumimina baruti, nikaanza kupima, na greni zilipofika pale nilipozoea nikaona ganda halijajaa kama siku zote. Kimo cha baruti ndani ya shingo kilikuwa chini kwa kama milimita tatu. Jicho ndilo lililoniokoa. Nikarudisha yote, nikazima taa, nikaenda kulala. Tangu siku hiyo meza yangu haina makopo mawili kwa wakati mmoja, na kopo linalotumika linasimama palepale mbele ya kipimio, lebo ikinitazama.

Baruti hizo za Hodgdon zenye herufi H kwa sehemu kubwa hutoka Australia, kiwanda cha Mulwala, na huko zina majina mengine: H4350 ni AR2209, Varget ni AR2208, H4831 ni AR2213. Ukimsikia Mwaustralia akisifia 2209, anasema hiyo hiyo. Vihtavuori inatoka Finland: namba zinazoanza na N1 ni za nitroselulosi tu, zinazoanza na N5 zimetiwa nitrogliserini. Afrika Kusini wanatengeneza zao za Somchem, S335, S365 na S385, ambazo mwindaji wa huko anazijua kama anavyojua jina la mbwa wake. Mwongozo wao una vipimo vya maganda ya wanyama wakubwa kwa wingi.

Hatua ya 6: Joto

Hatua hii inatuhusu sisi zaidi, kwa sababu historia yake imeandikwa kwenye pori letu.

Waingereza walipokuja kuwinda tembo na nyati Afrika Mashariki walikuwa na kodaiti, baruti ya nyuzi nyuzi kama tambi kavu. Ulaya ilifanya vizuri. Kwenye jua la Tsavo au Selous, presha ilipanda, ganda likang'ang'ania chemba, pale linapokaa nyuma ya mtutu, na mtu akabaki na bunduki isiyofunguka mbele ya mnyama aliyekasirika. Dawa yao ilikuwa kutengeneza maganda makubwa kupita mahitaji ili presha ya kuanzia iwe ndogo. Ndiyo sababu .416 Rigby ya mwaka 1911 na .375 H&H ya 1912 zina matumbo ya kujionyesha.

Leo zipo baruti zilizotengenezwa zisibadilike sana na joto. H4350, Varget, H4831 na wenzao wa Australia wana sifa hiyo, na Reloder 16 na 23 za Alliant pia. Nyingine, hasa baadhi ya zile zenye chembe za duara na zile zenye nitrogliserini, hupanda kasi kwa kiasi cha kuonekana kutoka asubuhi ya baridi hadi mchana wa jua.

Nilijifunza kwa vitendo. Mwezi wa kumi na moja, theluji iko chini, nilipandisha kipimo cha baruti moja ya duara mpaka karibu na juu. Kila kitu shwari. Julai nikaenda kwenye uwanja wa shabaha na risasi zilezile, nyuzi 38 za Selsiasi, na kisanduku cha risasi kilikuwa kimekaa juu ya meza ya chuma juani kwa nusu saa. Risasi ya kwanza, bolti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, ilikuwa nzito kufungua. Ya pili ilihitaji kiganja kuipiga juu. Kitakoni mwa ganda palikuwa na alama ya duara inayong'aa, na fataki ilikuwa imelala bapa. Sikupiga ya tatu. Nilizifungua zote 40 kwa nyundo ya kung'olea vichwa, nikiwa na hasira na nafsi yangu.

Kama msimu wako ni wa joto tofauti na siku unayojaribia, tumia baruti isiyobadilika na joto hata kama inakupunguzia kasi kidogo. Risasi zisikae juani wala kwenye dashibodi ya gari.

Hatua ya 7: Umbo la chembe na ujazo wa ganda

Chembe ndefu kama vipande vya tambi, mfano IMR 4064, hupiga shabaha vizuri ila huchelewesha kipimio. Unasikia kijisauti cha kukatika kwenye mkono wa mashine, na kipimo kimoja kinatofautiana na kingine. Chembe fupi, zenye herufi SC kwenye kopo, ni nafuu. Za duara humiminika kama mtama na ni raha kupima, lakini nyingi hupenda fataki kali ya magnumu, hasa baridini. Kama unajaza risasi ishirini za kuwindia kwa mwaka, usijali umbo: pima kila moja kwa mizani.

Ujazo una maana zaidi. Baruti inayojaza ganda kati ya asilimia 85 na 100 huwaka sawasawa kila mara, na ina faida ya usalama: ukimimina mara mbili kwa bahati mbaya inafurika mezani na unaiona. Ukiwa na mbili zinazolingana kwa kasi, chukua inayojaza zaidi.

Lakini usishindilie bila kitabu kuruhusu. Winchester walipotoa .458 Winchester Magnum mwaka 1956 kwa ajili ya tembo na nyati, ganda lilikuwa fupi kwa kichwa cha greni 500, ikabidi baruti ya duara ibanwe sana. Ikikaa muda, iligandamana ikawa donge na kuungua nusu nusu. Jack Lott, Mmarekani aliyejeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959 akiwa na .458, ndiye aliyekuja kuunda ganda refu zaidi linaloitwa .458 Lott.

Hatua ya 8: Mfano mmoja mpaka mwisho

Yule wa Uvira ana .30-06, anataka kichwa cha greni 165 kwa elki, mwezi wa kumi, asubuhi chini ya sifuri na mchana nyuzi kumi na tano. Ganda lina tumbo la wastani, mlango wa wastani, kwa hiyo ni katikati ya foleni. Kichwa cha 165 kinatusogeza kuelekea 4350. Vitabu vitatu vilikubaliana kwa H4350 na IMR 4350, viwili vikataja Reloder 16 na 17 na Vihtavuori N160. Joto linabadilika, kwa hiyo H4350 na Reloder 16 zikatangulia. Dukani Reloder 16 haikuwepo. Akachukua H4350.

Kopo la ratili moja, tukichukulia kwa hesabu tu kipimo cha greni 55, linatoa risasi 127. Humo toa 30 au 40 za majaribio. Yeye alitaka za miaka mitatu, kwa hiyo alinunua makopo mawili yenye namba moja ya loti, yaani yaliyotoka kiwandani pamoja, kwa sababu loti mbili za baruti moja zinaweza kutofautiana. Ukibadilisha loti, shuka kidogo na uanze kupanda tena. Kuagiza mtandaoni kuna ada ya mizigo ya hatari. Kwa kopo moja haikulipi, kusanya marafiki muagize pamoja.

Hatua ya 9: Panda ngazi

Anza na kipimo cha kuanzia cha kitabu. Kama kitabu kimetoa cha juu tu, shuka asilimia 10. Jaza tatu tatu, ukipanda nusu greni kila ngazi, andika namba juu ya kila ganda kwa kalamu ya wino mzito. Baada ya kila risasi tazama fataki, tazama kitako, sikiliza bolti. Dalili za presha kama zile zangu za Julai zikija, umeshapita mpaka, kwa sababu huchelewa kujitokeza. Ndiyo maana nunua kipima kasi. Kasi yako ikifika ile ya juu ya kitabu wakati kipimo chako bado hakijafika juu, presha yako imefika. Simama hapo.

Kushuka nako kuna hatari. Baruti ya polepole ikiwekwa kidogo mno ndani ya ganda kubwa imewahi kuvunja bunduki. Kama unataka risasi laini kwa kijana anayejifunza, tumia H4895. Hodgdon wenyewe wametoa kanuni yake ya kushuka hadi asilimia 60 ya kipimo cha juu walichochapisha cha H4895 kwa ganda hilo. Usiihamishe kanuni hiyo kwenda baruti nyingine.

Ukibadili chochote, kichwa, fataki, ganda la kampuni nyingine, rudi chini na kupanda upya.

Kuhifadhi

Iache kwenye kopo lake la asili, pakavu, pa baridi, mbali na jiko na hita. Kopo la plastiki limetengenezwa lipasuke kwa urahisi moto ukitokea. Ukiihamishia kwenye chupa ya kioo au bati lililofungwa umetengeneza bomu. Kanuni za zimamoto za Marekani huruhusu hadi ratili 20 nyumbani kwenye makopo yake, na kati ya 20 na 50 ndani ya sanduku la mbao lenye kuta za unene wa inchi moja. Fungua kopo la zamani uinuse. Nzuri hunukia kama rangi ya kucha. Ikitoa harufu kali ya asidi, au ukaona vumbi la rangi ya kutu au moshi mwekundu, imeoza na inaweza kujiwasha.

Mwezi uliopita jamaa wa Uvira alikuja na mtungi wa kahawa uliojaa baruti, zawadi ya mzee jirani aliyeacha kuwinda. Juu pameandikwa kwa penseli "4831", bila H, bila IMR. Haikuwa imeoza hata kidogo. Tuliimwaga kwenye nyasi nyuma ya nyumba yake, tabaka jembamba kama chumvi, tukafungulia maji. Ina naitrojeni. Sasa hivi kipande kile cha bustani ni kijani kuliko cha jirani, na mkewe ananiuliza kama tunayo nyingine.